Miguu Isiyo na Vidole

Mvua zikishakatika na barabara ya kutoka mji wa Ara ikaanza kupitika, wageni wa ng'ambo huanza kutuingilia hapa Semariya. Wanatoka Trinidad, Fiji, Morisi, Surinam, nchi ambako babu zetu walipelekwa na meli za Waingereza kwenda kukata miwa. Wanashuka garini na kofia zao, wanataja jina la mtu aliyekufa zamani, kisha wanatukodolea macho kana kwamba tumemficha ndani. Mimi nilikuwa siwapendi, nasema wazi. Si kwa ubaya wao, ni kwa ubaya wetu. Mgeni akishafika, kijiji kizima kinageuka kuwa ukoo wake. Watu wasiosalimiana kwa ugomvi wa mpaka wa shamba utawaona wamekumbatiana mbele ya kamera, machozi yanawatoka, na kila mmoja ana binti wa kuozesha.

Mwaka ule alikuja mwanamke peke yake, kwa gari la farasi. Kibanda changu cha kuziba pancha kiko pale njia inapoingia kijijini, kwa hiyo hapiti mtu nisimwone. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mnene, nywele zake za mvi amezikata fupi. Kabla hajakanyaga njia ya kijiji aliinama, akavua ndala zake, akazishika mkononi. Nikacheka kimoyomoyo. Nikasema, huyu naye anadhani udongo wetu ni hekalu, ngoja akanyage kinyesi cha nyati.

Ramkirpal alikuwa wa kwanza kumdaka. Ramkirpal ni jirani yangu mwenye masharubu makubwa na sauti kubwa kuliko masharubu. Alimshika mkono, akamwita dada, akaondoka naye huku akinikonyeza.

Adhuhuri ilipokaribia, mama yule alirudi peke yake, pekupeku vilevile, vumbi limempanda hadi magotini. Akakaa kwenye benchi langu bila kuomba ruhusa. Macho yalikuwa mekundu.

"Vipi mama, umeshapata ukoo?" nikamuuliza, na nilikuwa na kejeli kidogo.

"Nimepata koo nyingi mno," akasema.

Bisibisi ilinianguka. Alikuwa amesema kwa lugha yetu, tena lugha yetu ya zamani, ile ambayo vijana wakiisikia kwa vikongwe wanaziba mdomo wasicheke. Nilijiona kama naongea na bibi yangu aliyekata nywele.

"Jina langu Sumintra," akaendelea. "Nimetoka Guyana, Demerara ya zamani. Natafuta ndugu wa babu yangu aliyeitwa Dukharan. Nimeingia nyumba tatu. Zote zina Dukharan, zote zina machozi. Mimi nawauliza swali moja tu. Babu yangu alipata kurudi hapa, mara moja, baada ya mkataba wake wa miwa kwisha. Nawauliza, aliporudi mlimfanyia nini? Yule bwana wa masharubu ameniambia walimpokea kwa ngoma, wakachinja mbuzi."

"Ramkirpal? Mbuzi?" Sikuweza kujizuia. "Mama, nyumba ile hawajaonja nyama tangu babu wa babu yao. Mbuzi wangemchinja kwa karoti?"

Alicheka, kisha kicheko kikamgeukia kikawa kilio, akajifuta kwa ukingo wa gauni. "Mimi sitafuti ukoo, kaka. Kwetu ninao watoto na wajukuu wa kunitosha. Nimekuja kutafuta jibu. Babu alipokuwa anakufa aliniuliza jambo, na mimi nilikuwa msichana mdogo, sikuwa na la kumjibu. Nimezeeka nalo. Wameniambia kuwa nyumbani kwenu pia alikuwapo Dukharan."

"Alikuwapo. Babu mzaa babu yangu. Lakini wetu hakurudi. Alikwenda akafia hukohuko."

"Una hakika?"

"Mama, wetu tulimchoma."

Ilinibidi nimweleze, ingawa alikuwa anaijua desturi yenyewe kwa kusikia. Mtu akipotea, haijulikani yu hai au amekufa, anangojwa miaka kumi na miwili. Ikipita, ukoo unatengeneza mtu wa majani makavu, unamlaza juu ya kuni kando ya mto Ganga, unamtia moto kama maiti, na mkewe anavunja bangili zake. Kwa Dukharan wetu hawakungoja miaka itimie. Mwanawe, Jokhu, alishikwa na homa isiyoshuka. Kuhani wa kijiji akatazama akasema, baba wa mtoto amekufa ng'ambo, hana wa kumlisha, ana njaa, ndiye anayemvuta mtoto. Mkewe, Bibi Batasiya, akakubali kuwa mjane ili mwanawe apone. Wakamchoma yule wa majani, wakamlisha marehemu mchele wake wa matanga siku zote zinazotakiwa, na matanga hayajaisha Jokhu akakaa kitandani akaomba uji. Huyo Jokhu ndiye aliyemzaa baba yangu.

Sumintra alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyanyua ndala zake taratibu. "Basi si ninyi," akasema. "Wangu alirudi."

Sikumwambia yote. Kuna jambo la nyumba yetu ambalo mgeni haambiwi, nalo ni kwamba Dukharan wetu alirudi kwa namna nyingine. Alirudi akiwa mzimu.

Bibi Batasiya nilimkuta. Alikufa nikiwa mtoto, mzee wa kupindukia, mweupe kichwa na mweupe nguo, na kisa hicho nilikisikia kwa mdomo wake. Mwaka uliofuata baada ya kumchoma mumewe, asubuhi moja ya baridi yenye ukungu mzito, alikuwa karibu na kisima anakata majani ya ng'ombe, Jokhu yuko kando yake. Sauti ikamwita kutoka kwenye ukungu, "Mama Jokhu!" Ilikuwa sauti ya mumewe, haikupungua kitu. Kwetu, anayekuita kwenye ukungu humwitikii kabla hujamtazama miguu, maana mzimu nyayo zake zinaelekea nyuma. Bibi akatazama. Akaona miguu myeusi tii isiyo na vidole, kana kwamba visigino ndivyo viko mbele. Akamkumbatia mtoto, akainua mundu, akapiga kelele, "Tumeshakulisha! Ushakula! Nenda zako, niachie mwanangu!" Mzimu ukasimama kidogo, ukageuka, ukungu ukaumeza.

Tulipokataa kulala utotoni, huyo ndiye tuliyetishwa naye, babu asiye na vidole. Mimi mwenyewe nimeshawatisha naye wanangu.

Sasa sijui ni nini kilichonifanya nimwite yule mama akiwa ameshaanza kuondoka. Labda lugha yake. Labda nilimwonea aibu Ramkirpal kwa niaba ya kijiji. "Jua kali, mama," nikasema. "Njoo nyumbani unywe maji, ule chochote. Hata kama si ndugu."

Mke wangu Kalawati alimpa maji na kipande cha sukari guru, akamkalisha barazani. Ilikuwa ndani ya ile nusu ya mwezi tunayowalisha wafu wetu, na siku yenyewe ilikuwa zamu ya Dukharan. Shangazi alikuwa ameshajiandaa. Shangazi Dhanesari, dada yake baba, aliozwa mdogo akafiwa na mumewe kabla hajaizoea nyumba ya wakwe, akarudishwa kwetu kumtunza Bibi Batasiya. Wajane wawili waliishi chumba kimoja, na Bibi alifia mikononi mwake. Tangu hapo kazi ya kumlisha mzimu ikawa ya Shangazi.

Alitoka jikoni na sahani ya majani. Juu yake palikuwa na unga wa dengu zilizokaangwa, umekandwa kwa maji na chumvi, kitunguu kibichi, pilipili mbichi moja, na achari ya embe. Ndicho alichokipenda Dukharan, alisema Bibi. Mjane kwetu haruhusiwi kitunguu wala achari, kwa hiyo Bibi Batasiya maisha yake yote alikikanda chakula kile kwa mkono wake bila kukionja, na Shangazi baada yake hivyohivyo. Unajua chumvi imekolea kwa kukisia tu.

Shangazi akavuka ua, akatoka mlangoni, akaenda hadi kisimani. Akaiweka sahani chini, upande wa barabara, ili mwenyewe ale palepale asiwe na sababu ya kuingia ndani. Akakunja mikono kifuani, akasema maneno tuliyoyasikia mwaka nenda mwaka rudi.

"Kula, ushibe, uende zako."

Nyuma yangu bilauri ilianguka. Sumintra alikuwa amesimama, maji yamemwagikia miguuni.

"Nani anaambiwa hivyo?" akauliza.

"Babu," nikasema. "Ni desturi ya nyumba, mama, usijali."

"Kwa nini aambiwe aende?"

Shangazi akageuka. Hapendi kuulizwaulizwa, hasa akiwa kwenye kazi ile. "Na wewe ni nani unayehoji chakula cha wafu wa watu?"

"Mimi ni mjukuu wa mtu aliyeambiwa 'Ushakula, nenda zako,'" Sumintra akasema. "Aliambiwa hapa Semariya, kisimani, na mkewe. Na alikuwa hajala kitu tangu Ara."

Sumintra akashuka barazani, akaenda hadi karibu naye, akasimulia akiwa amesimama juani, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kukatizwa.

Babu yake alishuka melini Kolkata, akapanda treni hadi Ara, kisha akatembea. Aliingia kijijini alfajiri ya baridi, haoni mbele kwa ukungu. Akamwona mkewe anakata majani, amevaa nyeupe, mikono haina bangili. Akamwita kwa jina la mtoto, kama mume anavyomwita mkewe. Mkewe akainua uso, akamtazama, macho yakateremka hadi miguuni, yakabaki hukohuko miguuni. Kisha akainua mundu.

"Uongo!" Shangazi akapiga kelele. "Bibi yangu hakumfukuza mumewe! Bibi yangu alifukuza mzimu! Nani amekupa kisa chetu, Ramkirpal? Sarju, mtoe huyu mwanamke!"

"Shangazi," nikasema, "Ramkirpal hakijui. Hakuna mtu wa nje anayekijua."

"Hata mimi nilidhani huenda ni uzushi wa uzeeni," Sumintra akasema. "Lakini mimi ndiye niliyekuwa nampaka mafuta miguuni, dada. Ilikuwa imepasuka, damu inatoka, maana hakuvaa kiatu siku zote nilizomjua. Mashambani kwenye visiki vya miwa, pekupeku. Harusi ya mama yangu, nimeambiwa, pekupeku, watu wanamcheka. Nikamuuliza, babu, kwa nini? Akaniambia, kiatu ndicho kilichonifukuza kwetu."

Shangazi alikuwa amefungua mdomo ili amtukane tena. Akaufunga.

"Kiatu gani?" akauliza, na sauti ilikuwa ndogo.

"Buti. Alizinunua Kolkata aliposhuka melini. Nyeusi, za kufunika mguu wote mpaka kifundoni. Alitaka arudi kama mtu aliyefanikiwa, mkewe asione haya mbele za watu. Alipoona anatazamwa buti tu, akasema moyoni, basi nimekwisha. Nimevuka bahari, yale maji meusi yanayomtia mtu unajisi, tena nimerudi na ngozi ya ng'ombe mtakatifu miguuni. Wamenifanyia matanga nikiwa hai ili nisithubutu kurudi. Akageuka. Zile buti alizitupa Ganga, akarudi Kolkata miguu mitupu, akaingia meli nyingine. Siku anakufa alinishika mkono, akaniuliza, 'Sumi, kama ningevua viatu pale njia inapoingia kijijini, angenipokea?' Ndilo nililokuja kuuliza. Sina jingine."

Hapo ndipo nilipozitazama ndala zake, zimelala barazani alikoziweka, na nikaona haya kwa kile kicheko changu cha asubuhi.

Shangazi alikuwa ametafuta ukingo wa kisima kwa mkono, akakaa. Nilitamani aseme chochote, hata matusi. Mimi kichwani nilikuwa naziona zile buti. Bibi Batasiya alikuwa mke wa mkulima, amejifunika uso, anatazama chini tangu aolewe. Ndala za mwenye mashamba alipata kuziona. Buti nyeusi zinazomeza mguu mzima angeziona wapi? Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa. Kuhani alisema alichokijua, mama alimtetea mwanawe, baba alitaka kumfurahisha mkewe. Nilishikwa na hasira, nayo haikuwa na pa kwenda.

"Mdogo wangu," Shangazi akasema hatimaye, na lilikuwa neno la ndugu. "Kaa hapa."

Sumintra akakaa kando yake.

"Tumelala chumba kimoja mimi na Bibi mpaka kufa kwake. Watoto tuliwaambia kisa cha kutisha. Usiku alikuwa ananisimulia vingine. Aliniambia, Dhanesari, sauti ilikuwa yake, na mabega yalikuwa yake, na alisimama vile anavyosimama yeye, amelalia upande mmoja. Moyo wangu uliniambia ni yeye. Nikasema, macho yangu, tazameni miguu. Nikatafuta vidole." Shangazi akajifuta uso. "Aliniambia hivi, nayarudia kama alivyosema. 'Ningeona vidole vyake, hata kimoja, ningetupa mundu nikamkimbilia mbele ya kijiji kizima.'"

Sumintra hakulia mara moja. Aliikunja mikono mapajani, akaitazama miguu yake yenye vumbi. Kisha alianza kwa sauti ya chini, na Shangazi akamvuta kichwa akakiweka begani mwake, nyeupe ya ujane ikaloa. Wanawake wale wawili walilia palepale kisimani juani, na mimi nilisimama na mikono yangu ya grisi nisijue pa kuiweka. Nililia pia. Nilimlilia bibi aliyekula chakula kisicho na ladha maisha yake yote kwa ajili ya mume aliyekuwa hai, na nilimlilia yule mtu kwenye visiki vya miwa.

"Nilidhani nikilipata jibu nitapumua," Sumintra akasema. "Kabla ya leo angalau nilidhani alimkataa. Mtu aliyekukataa unaweza kumsahau."

"Alimngoja," Shangazi akasema. "Tulimlisha kila mwaka ili aende, na yeye Bibi akishaweka sahani hii alikuwa harudi ndani haraka. Anakaa. Namwita, Bibi, jua kali, ananiambia nakuja."

Kunguru mmoja alikuwa ameshatua karibu na sahani. Shangazi akamfukuza kwa mkono, jambo ambalo hatulifanyi siku hizo, maana kunguru ndiye anayewapelekea wafu chakula. Akainama, akaiokota sahani ya majani kwa mikono miwili. Akapita nayo mlangoni, akavuka ua, mpaka pale wanaume wa nyumba tunapokaa kula. Akatandika mkeka kwa mguu, akaiweka, akamimina maji kwenye bilauri ya shaba, akaiweka upande wa kulia.

"Kula," akasema. "Ushibe."

Midomo yake ikatafuta yale maneno mengine, akayaacha.

Kalawati, ambaye hupenda kila kitu kiwe mahali pake, akaenda kufunga mlango wa nje ili mbuzi wasiingie kuvamia chakula.

"Acha," Shangazi akamwambia. "Anavua viatu."